Sigara hutuonya kwa Kiswahili, dawa ni bubu

Wahenga walinena kwamba Mungu humpa upele asiye na kucha. Mimi alinipa chunusi nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, wakati ambapo wenzangu wa rika hilo walikuwa wamekwisha kuzisahau tangu enzi za shule ya upili. Kila nilipozitumbua zilinilipiza kisasi kwa kuniachia madoa meusi yaliyokaa usoni miezi mitatu, minne. Sikudhani hata siku moja kwamba ningeandika gazetini juu ya uso wangu. Mhadhiri wa isimu hutarajiwa aandike juu ya fonimu na mofimu, au juu ya hatima ya lugha zetu. Lakini yaliyonipata kwa sababu ya tyubu moja ndogo ya dawa ya kupaka yamenifunza juu ya lugha kuliko makongamano mengi niliyowahi kuhudhuria. Nawaomba radhi wale watakaoona kwamba mwanamke mtu mzima hafai kuyasema haya hadharani.

Nilizaliwa Garissa, na baada ya kusoma kwingineko nikarudi kufundisha papa hapa. Lugha ya nyumbani kwetu ni Kisomali. Kiswahili nilikipata mitaani na shuleni, nikakipenda hadi kikawa mkate wangu. Kwa Kisomali chunusi huitwa finan. Kwa Kiswahili neno chunusi lina maana nyingine tena, nayo ni lile zimwi la majini ambalo watu wa pwani husimulia kuwa humvuta mwogeleaji hadi chini asionekane tena. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaeleza hivyo. Mimi nilikuwa nikijitazama kiooni asubuhi, na sikuona kichekesho.

Mama yangu alianza na tiba aliyoijua, qasil, yaani unga wa majani ya mti wa gob, ambao Waswahili huuita mkunazi. Unga huo huchanganywa na maji, ukatoa povu, ukapakwa usoni. Nyakati nyingine mama aliongeza huruud, ndiyo manjano ya jikoni. Siidharau qasil hata kidogo. Ilipunguza mafuta na kuulainisha uso, lakini chunusi zenyewe hazikutikisika. Rafiki yangu mmoja naye alinunua sokoni krimu ndani ya kikopo kisichokuwa na jina la mtengenezaji. Siku ya tatu uso wake ulikuwa safi kama wa mtoto, nami nikamwonea wivu. Baada ya miezi miwili ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa ikionekana, na chunusi zimerudi maradufu. Krimu za namna hiyo aghalabu hutiwa dawa za jamii ya steroidi, ambazo hutuliza uvimbe upesi na kuidhoofisha ngozi polepole. Nyingine hutiwa zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo serikali yetu imevipiga marufuku katika vipodozi, ingawa soko halina habari.

Basi mwezi wa Februari mwaka 2019 nilipanda basi kwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 yenye vizuizi vya barabarani ambavyo kila mtu wa huku anavijua na sina haja ya kuvieleza. Madaktari wa ngozi wengi wako Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Hapakuwa na njia nyingine. Daktari niliyemwona alikuwa mtu mwungwana. Aliutazama uso wangu, akaniandikia krimu ya tretinoini ya kiwango cha chini kabisa, akaniambia kwa Kiingereza kwamba niipake usiku na kwamba itachukua muda. Nadhani nilikaa mle ndani dakika nne. Dukani nilipewa kisanduku, na ndani ya kisanduku mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, imejaa herufi ndogo kama mayai ya chawa, Kiingereza kitupu kutoka juu hadi chini. Niliitazama, nikaona neno moja lililonifurahisha kwa sababu za kikazi, nikaikunja tena na kuitia katika mtoto wa meza. Neno hilo nitalirejea.

Niliipaka dawa ile kama mtu anavyopaka mafuta ya mgando baada ya kuoga: kwa wingi, usoni na shingoni, ngozi ingali na majimaji. Usiku wa tatu uso uliwaka moto. Juma la pili ngozi ilianza kubambuka kandokando ya mdomo na pua, vipande vikining'inia kama chokaa ya ukuta mkongwe. Juma la tatu zikatoka chunusi nyingi kuliko zile nilizokwenda nazo Nairobi. Na hili jua la Garissa, ambapo ikweta i karibu na joto la nyuzi 35 si habari ya kumwambia mtu, lilinichoma hata chini ya mtandio. Nilikuwa karibu kuitupa dawa jalalani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Majirani walisema kwamba mwalimu anajichubua. Tazama, msomaji, jinsi lugha ilivyo hakimu mkali. Kuchubua ni kuondoa ngozi ya juu, kama goti la mtoto aliyeanguka. Kujichubua, kwa matumizi ya siku hizi, ni kutafuta weupe kwa dawa. Uso wangu ulikuwa unachubuka kweli, basi kwa kanuni za lugha nilikuwa nimeshahukumiwa, na hakuna kitenzi kingine nilichoweza kukitumia kujitetea. Wala majirani hawakuwa wamekosea kabisa. Mwaka 1975 daktari mmoja wa Marekani, Albert Kligman, pamoja na mwenzake, walitangaza mchanganyiko wa kung'arisha madoa ya ngozi uliounganisha vitu vitatu, navyo ni haidrokwinoni, steroidi na tretinoini hii hii. Michanganyiko ya ukoo huo ingali inauzwa. Kwa hiyo dawa yangu na krimu za kujichubua zina undugu, na anayetaka kuzitofautisha anahitaji maelezo. Maelezo yalikuwamo ndani ya mtoto wa meza, yamekunjwa mara nane.

Nilikuja kuisoma karatasi ile kwa shida baada ya uso kuungua, tena nusu yake tu, ile nusu ya namna ya kutumia. Wasomi wenzangu wapo wanaosema kwamba mambo kama haya hayasemeki kwa Kiswahili, kwamba sayansi ina lugha yake. Hebu nijaribu.

Ngozi yetu ina vitundu vingi mno vya vinyweleo, na katika kila kitundu mna tezi itoayo mafuta. Seli kuukuu zilizo mlangoni mwa kitundu hufa na kupukutika kila siku. Kwa mwenye chunusi hazipukutiki vyema, bali hushikamana na mafuta zikawa kizibo. Nyuma ya kizibo bakteria hustawi, na ngozi huvimba. Tretinoini, ambayo ni asidi itokanayo na vitamini A, huzifanya seli hizo zipukutike upya na kuachana, ili kizibo kisijengeke. Haishughuliki sana na chunusi unayoiona leo, kazi yake kubwa ni kuizuia ile ambayo ungeiona mwezi ujao, na ndiyo sababu matokeo hungojwa majuma manane hadi kumi na mawili. Katika majuma ya mwanzo vizibo vilivyojificha hujitokeza, hali ikaonekana kuwa mbaya zaidi. Mtu asikate tamaa hapo. Mwanga huiharibu dawa hii, basi hupakwa usiku. Osha uso kwa sabuni isiyo kali, ngoja dakika ishirini hadi thelathini ukauke kabisa, kwa maana ngozi yenye maji huinywa dawa kupita kiasi. Mwanzoni paka usiku mmoja, pumzika usiku mmoja. Kiasi ni kidogo sana, nacho hutandazwa uso mzima, si juu ya kipele tu, ukiepuka macho, pembe za pua na midomo. Mchana paka mafuta ya kukinga jua na ujifunike, maana ngozi iliyo chini ya dawa hii huungua upesi, na kwa sisi weusi kila palipoungua huacha doa jeusi kuliko la chunusi yenyewe.

Je, kuna lililomshinda msomaji? Maneno ya kitaalamu ya kukopa niliyoyatumia ni matano, na manne kati yake yamo katika vitabu vya sayansi vya shule. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Istilahi tunazo. Nilipofuata maelezo hayo, tena kwa utaratibu, chunusi zilipungua mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa sita uso wangu ulikuwa umetulia. Dawa ni nzuri, naisifu. Laiti kisa kingekomea hapo, nisingeandika.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mdogo wangu, ambaye naye alikuwa akisumbuliwa na finan tangu ujana wake, alikuja nyumbani. Alinitazama, akaushika uso wangu kwa mikono miwili.

"Abaayo," akaniambia, "hii dawa yako ina nini ndani? Watu wanasema unajichubua."

"Wapuuze," nikamjibu. "Ni vitamini A tu. Ile ile wanayopewa watoto kliniki."

Kila mama wa Garissa anavijua vidonge vile, cha buluu kwa mtoto mchanga zaidi na chekundu kwa aliyetimia mwaka, vinavyokatwa ncha na kukamuliwa mdomoni kila baada ya miezi sita. Ni neno linaloaminika. Nilijua nilichokuwa nikifanya: nilichagua neno lenye heshima ili kuisafisha dawa yangu na jina langu. Na kwa hakika sikusema uongo, kwa maana tretinoini imetokana na vitamini A. Nikampa tyubu mpya niliyokuwa nimeagiza kutoka Nairobi, nikamfunza kupaka, nikamwonya juu ya jua. Alishukuru sana.

Baada ya majuma saba mama alininong'oneza kwamba mdogo wangu alikuwa na ujauzito wa miezi mitatu. Kwetu, kama ilivyo pwani, mimba changa haitangazwi. Watu huogopa jicho la hasidi, na mwanamke hungoja hadi tumbo liseme lenyewe. Nilikwenda chumbani, nikaivuta ile karatasi, nikaifungua yote. Ilikuwamo. Ilikuwa imeandikwa wazi, katika ile nusu ambayo sikuisoma, kwamba mjamzito asitumie, na kwamba dawa za ukoo huu zinajulikana kuwa za kiteratojeni. Ndilo neno lililonifurahisha siku ya kwanza. Mzizi wake ni wa Kiyunani, teras, yaani kiumbe cha kutisha. Nimelitumia darasani kama mfano wa uundaji wa istilahi. Maana yake ni kitu kinachomlemaza mtoto tumboni. Nililitazama neno lile siku ya Februari kama mtu anayetazama kipepeo.

Nilimpigia simu daktari. Alinieleza mambo ambayo ni haki kuyasema hapa ili nisimtie mtu hofu isiyo na msingi: kwamba inayojulikana kwa yakini kuwaharibu watoto ni dawa ya kumeza ya ukoo huo, isotretinoini, ambayo mwanamke hapaswi kuimeza bila kuhakikishiwa kwamba hana mimba na bila kinga, kwamba krimu hupenya mwilini kwa kiasi kidogo sana, na kwamba wajawazito hukatazwa kwa tahadhari, kwamba aache mara moja na ahudhurie kliniki kama kawaida. Nilimwendea mdogo wangu nikamwambia yote, kwa Kisomali, sentensi baada ya sentensi, nikitafuta neno la kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Wewe umesoma mpaka wapi?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Miezi iliyofuata sikulala usingizi wa kutosha. Binti yake alizaliwa mwezi wa Aprili 2020, wakati wa kafyu ya Korona, mzima kabisa, vidole kumi na kumi. Mdogo wangu alikwisha kunisamehe. Lakini siwezi kuisahau ile sentensi yangu, ni vitamini A tu, ambayo kila neno lake lilikuwa la kweli isipokuwa lile la mwisho.

Sasa nauliza swali langu. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 inataka kila pakiti ya sigara inayouzwa nchini iwe na onyo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kampuni za sigara zilitii, karatasi zikachapwa, mashine hazikuvunjika. Mvutaji wa Mandera, wa Wajir, wa Hola, akinunua pakiti yake huonywa kwa lugha ya taifa kwamba atakufa. Lakini anayenunua dawa ya kumponya huambiwa ajitafutie mkalimani. Sumu ina ulimi, dawa ni bubu. Ni akili gani hii?

Wala hatuna upungufu wa sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, pale inapowezekana. Nimeifanyia isimu kazi miaka mingi, nami nawaambia kwamba katika sheria hiyo maneno mawili hayo ya mwisho ndiyo mlango wa uani. Pale inapowezekana! Katika chumba cha dakika nne, foleni ikiwa imefika nje ya uzio, ni lini itawezekana? Ndiyo sababu nasema mzigo huu usiachwe kwa tabibu peke yake, uwekwe kwenye karatasi. Bodi inayosajili dawa nchini ina uwezo wa kusema kwamba dawa ya cheti haitauzwa Kenya isipokuwa kwa karatasi ya Kiswahili ndani ya kisanduku, na maonyo makuu yakiwa juu, yasizikwe chini ya kichwa cha tano au cha sita.

Karatasi ina fadhila moja ambayo mwanadamu hana: haioni haya. Kijana wa miaka ishirini na mitano aliye nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Garissa atamuulizaje mwanamke wa umri wa mama yake kama ana mimba? Hatamuuliza. Na akimuuliza, mwanamke huyo atamjibu kwamba hana, hata kama anayo. Adabu yetu wenyewe inatufunga vinywa pande zote mbili, na si adabu mbaya, naiheshimu. Lakini mficha uchi hazai, na tusipopata mtu wa tatu asiye na uso, ukweli huo hautapita kati yao.

Watu wataniuliza, mbona Kiswahili, na wewe ni Msomali? Swali zuri. Kisomali kilipata hati rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, na huko Somalia watu wengi walifunzwa kukisoma. Sisi wa upande huu wa mpaka tulifunzwa kusoma kwa Kiingereza na Kiswahili. Mdogo wangu anazungumza Kisomali kitamu kuliko changu, lakini ukimpa ukurasa wa Kisomali atausoma kwa kudondoa kama kuku. Ukimpa wa Kiswahili atausoma na kuutolea ufafanuzi mama. Isitoshe, mkoa wetu wa zamani si wa Wasomali peke yao. Wapo Wamunyoyaya kando ya Mto Tana, wapo Waboni wa Ijara, wapo walimu na askari kutoka kila pembe. Kiswahili kitawafikia wengi zaidi kwa maandishi. Kisomali kitumike kwa mdomo, redioni na kliniki. Nitafurahi siku nitakapoonyeshwa kwamba zote mbili zinaweza kuandikwa.

Daktari mmoja, rafiki yangu, hakubaliani nami. Anasema karatasi ndefu ya kutisha itawafanya watu waache dawa wanazozihitaji, kwamba mgonjwa aliyesoma madhara ishirini huyahisi yote ishirini kabla ya jioni. Ana haki kiasi. Mimi mwenyewe, baada ya mkasa ule, niliogopa hata dawa ya kikohozi. Lakini hoja yake inataka karatasi fupi iliyoandikwa vyema, haitaki karatasi ya kigeni. Wapo pia watakaosema kwamba katika nchi ambayo ukame wa 2020 hadi 2023 uliwamaliza ng'ombe na mbuzi wa watu, ni anasa kuzungumzia chunusi. Nakubali kwamba chunusi haiui. Nimeichagua kwa sababu ndiyo iliyonipata na ndiyo ninayoweza kuikiri. Dawa za kifafa, za shinikizo la damu, za kifua kikuu nazo zina karatasi zake, zimekunjwa mara nane vile vile.

Na historia ya dawa yangu imenionyesha kwamba ububu huu haukuanzia kwetu. Yule Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ndiye aliyeongoza utafiti uliotangazwa mwaka 1969 kwamba asidi ya vitamini A hutibu chunusi, na mwaka 1971 dawa ikaidhinishwa Marekani. Sehemu kubwa ya majaribio yake ya ngozi aliifanya katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, kuanzia miaka ya 1950 hadi 1974, juu ya migongo ya wafungwa ambao wengi wao walikuwa watu weusi na maskini. Walitia sahihi karatasi. Wengi walisema baadaye kwamba hawakuelewa walichokitilia sahihi wala walichopakwa. Chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022. Nilipoyasoma hayo niliacha kuipaka kwa muda wa juma moja, kisha nikairudia, kwa maana kuiacha kusingemfaa hata mmoja wao. Lakini sipendi tena kuiona ikikabidhiwa kwa mtu mweusi bila maneno.

Tena yapo mambo yanayofanyika vyema jirani. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimewafunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika na hutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mgonjwa wa Moshi huelezwa ngozi yake kwa Kiswahili, wala sijasikia kwamba sayansi imeharibika kwa sababu hiyo.

Kwa kungoja bodi mtu anaweza kuota mvi, nami ninazo tayari. Niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuupeleka kwa kijana mmoja mwenye duka la dawa mjini, ili autie ndani ya mfuko kila anapouza krimu za retinoidi. Kwanza nilimsomea mdogo wangu. Palikuwa na mahali nilipoandika kwamba kiasi cha kupaka ni ukubwa wa njegere moja, kama ile karatasi ya Kiingereza inavyosema. Akaniuliza ni nani katika Garissa anayepima kitu kwa njegere. "Andika bun," akasema, "buni moja ya kahawa." Buni tunazikaanga kwa samli katika kila nyumba, hakuna asiyejua ukubwa wake. Nikaandika buni.

Kijana wa dukani aliusoma, akaupenda, akawa na ombi moja: ule mstari wa mimba niuondoe, kwa maana wateja watadhani anawapeleleza. Nilikataa. Tulibishana siku mbili kwa heshima, yeye akiniita mwalimu na mimi nikimwita mwanangu, hadi tukaafikiana kwamba mstari huo utakaa peke yake nyuma ya ukurasa, kwa herufi kubwa, naye hatasema neno ila "geuza usome na nyuma."

Juma lililopita nilikuwa dukani humo nikinunua dawa ya mama. Mwanamke mmoja aliyejifunika vyema alipewa mfuko, akaambiwa hayo maneno manne, akaugeuza ukurasa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akairudisha krimu juu ya kaunta, akasema ameghairi, akaomba sabuni. Kijana akampa sabuni na chenji, na hakuna aliyemuuliza kitu.